Kiingereza unacho, lakini Korea inataka pasipoti

Ukizunguka TikTok jioni moja tu hukosi kukutana naye. Mwalimu kijana, pengine kutoka Johannesburg au Toronto, anaonyesha chumba chake mjini Seoul. Kodi inalipwa na shule. Tiketi ya ndege alirudishiwa. Wikendi anadandia treni ya KTX na kufika Busan, zaidi ya kilomita 400, kwa saa mbili na nusu hivi, huku sisi na Madaraka Express tukiwa bado hatujafika Voi.

Kwa msomi wa Nairobi aliyekaa miaka mitatu akisambaza CV, swali linakuja lenyewe: mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, kwa nini nisiende?

Jibu ni kwamba huendi, na si kwa sababu Kiingereza chako ni kibovu. Walimu hawa huingia Korea Kusini kwa viza inayoitwa E-2. Kwa upande wa Kiingereza, viza hiyo iko wazi kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Bara zima la Afrika lina nafasi moja kwenye orodha hiyo. Mkenya hayumo, Mnigeria hayumo, Mghana hayumo. Unaweza kuwa na digrii ya elimu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, namba ya TSC na miaka mitano darasani, na faili lako lisifunguliwe. Wakati huohuo kijana wa Texas aliyesomea uhasibu, ambaye hajawahi kushika chaki, anakubaliwa. Sheria inamtaka awe na digrii yoyote, cheti cha maadili mema kutoka kwao, na afya njema. Mradi wa serikali wa kuajiri walimu wa shule za umma, EPIK, ulioanza mwaka 1995, humwongezea sharti la kozi fupi ya kufundisha lugha kama hakusomea ualimu.

Kwa nini tunaitamani hivyo? Hesabu ni rahisi. Mwalimu mpya huko mara nyingi huahidiwa kati ya won milioni 2.1 na 2.5 kwa mwezi, ambayo ni kama Sh200,000 na zaidi. Juu yake kuna nyumba, na akimaliza mwaka sheria inamdai mwajiri ampe mshahara wa takriban mwezi mmoja kama kiinua mgongo. Hapa kwetu mwalimu wa mafunzo ya nyanjani katika sekondari msingi amekuwa akipeleka nyumbani karibu Sh17,000. Huwezi kumlaumu mtu kwa kuota.

Na huko mahitaji ni ya kweli. Mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, Suneung, hufanywa Novemba, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege huzuiwa kuruka au kutua nchi nzima ili kelele zisiwasumbue watahiniwa. Desemba 2025 mkuu wa taasisi inayotunga mtihani huo alijiuzulu kwa sababu karatasi ya Kiingereza ilionekana kuwa ngumu kupita kiasi. Wazazi hawalali. Mwaka 2024 walitumia zaidi ya won trilioni 29 kwa masomo ya ziada ya watoto wao, pesa ambazo ukizibadilisha kwa shilingi zinapita nusu ya bajeti ya serikali ya Kenya kwa mwaka. Sehemu kubwa huenda kwa hagwon, vituo vya tuisheni vilivyo kila mtaa. Watoto wakitoka shule wanaingia hagwon, na jijini Seoul ilibidi iwekwe sheria ya kuvifunga saa nne usiku. Kenya tulipiga marufuku tuisheni. Wao wameishia kuiwekea saa ya kulala.

Turudi kwenye ile orodha ya nchi saba, maana hapo ndipo pana jambo. Korea husema inatafuta watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Sasa tazama Afrika Kusini. Hiyo ni nchi yenye lugha rasmi 12, na wanaozungumza Kiingereza nyumbani ni wachache. Kizulu na Kixhosa kinawapita kwa mbali. Wakorea wanalijua hilo. Ndiyo maana EPIK humtaka mwombaji wa Afrika Kusini alete barua za kuthibitisha kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la saba hadi chuo kikuu. Basi! Hicho ndicho kipimo. Mpe kipimo hichohicho kijana wa Kakamega au wa Likoni uone kama atakwama. Katiba yetu, kifungu cha 7, inasema Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na KCSE nzima, ukitoa Kiswahili na lugha nyingine chache, huandikwa kwa Kiingereza.

Halafu kuna India. Mkataba wa kibiashara kati ya India na Korea ulianza kutumika Januari 2010, na ndani yake kuna kipengele kinachowaruhusu Wahindi wenye digrii na cheti cha ualimu kuingia kama walimu wasaidizi wa Kiingereza. Kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 lafudhi ya Mhindi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba serikali yake ilikaa mezani ikaomba. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya habari ambayo vijana wetu hawaambiwi: mlango huu haukufungwa na wataalamu wa lugha. Ni suala la nani alizungumza na nani, na alitaka nini.

Sisi nasi tumekuwa na meza hiyo. Rais William Ruto alikuwa Seoul Novemba 2022, akarudi Juni 2024 kwa kongamano la Korea na Afrika. Tulipata mikopo, na kule Konza chuo cha Kenya-KAIST kinajengwa kwa mkopo wa Korea. Serikali hiyohiyo inajipiga kifua kwa kutafutia vijana kazi majuu. Lakini Korea ina mpango mkubwa wa kuajiri wafanyakazi wa viwandani, mashambani na kwenye uvuvi, ulioanza 2004, wenye nchi 17 za Asia, na hakuna hata nchi moja ya Afrika ndani. Kwenye ualimu hatumo, kwenye viwanda hatumo. Kama kuna afisa wa Wizara ya Leba aliyeomba tuongezwe kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili, hadharani hatujasikia.

Hata hivyo usidhani aliye na pasipoti sahihi amefika mbinguni. Mwaka 2014 mwalimu mmoja wa Ireland, nchi iliyo kwenye orodha, alinyimwa kazi kwa barua pepe iliyodai kwamba watu wa kwao ni walevi. Watu weusi kutoka Marekani na Afrika Kusini wamesimulia kwa miaka mingi jinsi wanavyoombwa picha pamoja na CV, na picha ikifika, nafasi inakuwa imejazwa ghafla. Wabunge wa Korea wamekuwa wakiletewa miswada ya kupiga marufuku ubaguzi wa kila aina tangu 2007, na hadi leo sheria hiyo haijapita. Kwa muda mrefu walimu wa E-2 walilazimishwa pia kupimwa Ukimwi, kipimo ambacho wenzao Wakorea hawakufanyiwa. Mwalimu mmoja wa New Zealand aligoma, akapoteza kazi, akaipeleka kesi hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 2015 kamati ikamuunga mkono, na 2017 Korea ikaachana na kipimo hicho.

Maisha yenyewe yana mazuri yake. Usafiri ni rahisi, bima ya afya inafanya kazi, na unaweza kutembea saa nane usiku na simu mkononi bila kuangalia nyuma. Hilo peke yake kwa mtu wa Nairobi ni likizo! Sakafu hupashwa joto wakati wa baridi. Takataka lazima uzitenganishe, mabaki ya chakula mfuko wake, plastiki kwake, na majirani wanaangalia. Lakini viza imefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukikosana naye katikati ya mkataba, mara nyingi unahitaji barua yake ya kukuachilia ndipo uhamie kwingine, na kwa sababu nyumba ni ya shule, ukipoteza kazi unapoteza na kitanda. Wa shule za umma nao hulalamikia kitu cha ajabu: likizo za wanafunzi zinafika, mwalimu anatakiwa aje akae ofisini peke yake saa nane kila siku, hana wa kumfundisha.

Mshahara nao umesimama. Mwaka 2010 mwalimu mgeni alikuwa akilipwa won milioni mbili hivi, na kima cha chini cha mshahara nchini Korea kilikuwa won 4,110 kwa saa, yaani kama won 860,000 kwa mwezi. Mwalimu alikuwa akipata zaidi ya mara mbili ya kibarua wa dukani. Mwaka 2026 kima cha chini ni won 10,320 kwa saa, ambayo kwa mwezi wa kawaida wa kazi ni zaidi ya won milioni 2.15. Linganisha na ile milioni 2.1 hadi 2.5 ya mwalimu mpya. Ukitoa nyumba, anayefundisha Kiingereza na anayepanga soda dukani wanakaribia kulingana.

Watoto wenyewe wanapungua. Mwaka 2023 Korea ilizaliwa watoto kama 230,000 tu. Kenya, ambayo idadi yake ya watu haipishani sana na ya Korea, husajili zaidi ya milioni moja kila mwaka. Kiwango cha uzazi kilishuka hadi 0.72 mwaka huo, kikapanda kidogo hadi 0.75 mwaka uliofuata. Shule za vijijini zinafungwa kwa kukosa wa kuandikisha. Serikali ilijaribu pia kuleta vitabu vya kidijitali vinavyotumia akili unde, somo la Kiingereza likiwemo, kuanzia Machi 2025. Walimu na wazazi walilalamika, na kufikia Agosti bunge likavivua hadhi ya vitabu rasmi vya kiada. Safari hiyo mashine ilishindwa. Sidhani kama imekata tamaa.

Kwa hivyo ukipata ujumbe wa WhatsApp wa ajenti anayesema ana nafasi za walimu wa Kiingereza Korea kwa Wakenya, lete Sh150,000 ya "kuprosesi viza", jua hivi. Mwalimu wa Afrika Kusini au Kanada hamlipi ajenti. Shule ya Korea ndiyo humlipa, na EPIK huomba mwenyewe bila ada. Viza ya E-2 huanzia kwa mwajiri, ambaye huomba kibali kwa idara ya uhamiaji ya Korea kabla mwalimu hajaenda ubalozini. Kama huna mkataba wa shule yenye jina na anwani, huna kitu. Ajenti akikuambia uingie na viza ya utalii "tutabadilisha ukifika", huko ni kukutuma ukafukuzwe nchini na kupigwa marufuku kurudi. Na wapo Wakenya waliokubali kazi nzuri za Thailand wakajikuta Myanmar, ndani ya kambi za utapeli wa mtandaoni, wakitafuta namna ya kuokolewa. Orodha ya mawakala waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Iangalie kabla mama hajauza ng'ombe.

Milango iliyo wazi kwa Mkenya ni mingine. Kuna udhamini wa masomo wa serikali ya Korea, GKS, ambao huchukua Wakenya kila mwaka na kulipa karo, nauli, pesa za matumizi na mwaka mmoja wa kujifunza Kikorea. Mwanafunzi anaweza kufanya vibarua akipata kibali, ila asijaribu tuisheni za siri nyumbani kwa watu, maana faini yake ni kali. Ukimaliza digrii ya uhandisi au teknolojia na Kikorea chako kiko sawa, kuna viza ya wataalamu, E-7. Mkenya aliyeoana na Mkorea au aliyepata ukaazi anaweza hata kufundisha Kiingereza, kama mwajiri atamkubali.

Na kuna hili la kuchekesha kidogo. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni, Seoul, hufundisha Kiswahili. Huko hakuna anayebishana kuhusu lugha hiyo ni ya nani. Ila wanaojifunza Kiswahili ni wachache sana wakilinganishwa na mamilioni ya watoto walioko hagwon usiku huu wakikariri maneno ya Kiingereza, mbele ya mwalimu ambaye pengine alichaguliwa kwa rangi ya jalada la pasipoti yake.

Mkataba wa India na Korea ulichukua miaka kadhaa ya mazungumzo. Sisi hatujasikia kama yetu yameanza, na Bunge lina kamati ya leba ambayo inaweza kumwita Waziri imuulize.