Kiwavijeshi na Ua la Usambara

Kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya Amerika, aligundulika magharibi mwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Nondo jike mmoja hutaga mayai zaidi ya elfu moja, tena huruka masafa marefu kwa usiku mmoja. Mkulima anayefunua kiini cha mhindi asubuhi humkuta kiwavi humo, ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, amejifunika kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Humo dawa haimpati kirahisi, ndiyo maana wengine humwagia majivu au mchanga. Fedha za kupambana naye zikiombwa, hakuna anayehoji, na ni haki: mahindi ndiyo ugali.

Usambara Mashariki kuna kiumbe ambaye wachache humwombea fedha. Kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, huota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo uzao wake hupamba madirisha Ulaya na Marekani. Mengi ya maua hayo ya vyunguni ni machotara yaliyotokana na aina chache tu. Hayawezi kuziba pengo la yale ya porini. Ndugu mmoja wa ua hilo la Usambara anajulikana katika kilima cha Mbololo, Taita, basi. Ua hili halihami. Miti ikikatwa, au msitu ukifyekwa chini ili kupanda iliki, jua hupiga jiwe, jiwe hukauka, nalo hufa.

Wapo watakaosema mwenye njaa haangalii maua. Nawaelewa, ila hesabu yao haijakamilika. Kila ekari ya msitu inayogeuzwa shamba la mahindi humwongezea kiwavi chakula na kulipunguzia ua makazi. Tena hasara ya kiwavi, hata iwe chungu, mkulima aliyesaidiwa mapema huweza kuifidia msimu ujao. Aina ya ua ikishatoweka mlimani, hakuna msimu wa kuirudisha.

Fedha za kiwavi zisiguswe. Za ua zitafutwe kwenye maji: mto Zigi unaonywesha jiji la Tanga hutoka katika misitu hiyohiyo. Sehemu ndogo ya ankara ya maji ipande mlimani, iwalipe wanavijiji wanaouacha msitu na kivuli chake.