Shahada ya mawasiliano, lakini utawasiliana na nani Garissa?

Kila matokeo ya KCSE yakitangazwa, mjadala huwa ni ule ule: nani kapata C+ na nani kaikosa. Hiyo ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada katika vyuo vikuu vya Kenya, na kwa anayetaka kusomea mawasiliano au uanahabari, vyuo vingi huongeza sharti la alama nzuri ya Kiingereza au Kiswahili. Sisi wa Pwani tunaujua uchungu wa mlango huo. Kwa ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, uchungu umezidi.

Sababu zinajulikana. Novemba 2014, watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wakiwemo walimu. Januari 2020, walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Watoto wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu, kisha wakapewa mtihani ule ule anaofanya mtoto wa Nairobi.

Ndiyo maana wapo wanaotaka alama zishushwe. Mwaka 2018, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Amina Mohamed, aliagiza hivyo kwa vyuo vya ualimu katika kaunti zilizoachwa nyuma, na TSC ikapinga. Kila upande una hoja. Lakini kwa shahada ya mawasiliano, ndugu msomaji, mimi naona tumeutazama mlango wa kuingilia tukasahau wa kutokea. Mwanafunzi analazimika kujua nini kabla ya kuvalishwa joho?

Kwa kawaida ni miaka minne. Atasoma nadharia za mawasiliano, sheria na maadili ya habari, uandishi, utangazaji, mbinu za utafiti, kisha aende mafunzo kazini na kuandika mradi. Yote ni mema. Ila masomo hayo hufundishwa na kutahiniwa zaidi kwa Kiingereza. Mtu aweza kuhitimu akaenda kufanya kazi Garissa na hajawahi kutakiwa kuandika taarifa moja ya Kisomali, wala kuandaa kipindi cha Kiswahili cha nusu saa. Hata shuleni, KCSE hutahini Kiarabu, Kifaransa na Kijerumani, Kisomali hakimo.

Tusidhani ni jambo la vitabuni tu. Mto Tana ukifurika, maji hayaulizi nani ana shahada. Mvua zikizidi nyanda za juu, mabwawa ya Masinga hadi Kiambere hujaa, na maji yanayomwagika huteremka Garissa, yakapita Madogo na Hola hadi kwetu Kipini. Mwishoni mwa 2023 yalikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa. Aprili 2024 yakarudi, watu wakavuka kwa mashua palipokuwa barabara, na mashua ikapinduka Kona Punda, roho zikapotea.

Tahadhari inaposema kutakuwa na "mvua ya juu ya wastani", mfugaji ana swali lake: mbuzi niwatoe ukingoni leo usiku au nisubiri kesho kutwa? Mkulima wa Kimunyoyaya au wa Kipokomo anataka kujua kama mahindi yake yatafikiwa. Kuigeuza lugha ya wataalamu kuwa jibu la swali hilo ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Hilo ndilo somo ninalolikosa katika orodha.

Sheria ipo upande wetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ilinde na kukuza lugha za wananchi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inataka habari za umma zitolewe kwa kuzingatia lugha ya mahali na njia inayowafikia watu wa hapo.

Wapo watakaosema mwajiri anataka Kiingereza, na hakuna wahadhiri wa kusahihisha Kisomali. La kwanza ni kweli, na hakuna aliyesema Kiingereza kiondolewe. La pili linajibika: redio kama Star FM zimekuwa zikitangaza kwa Kisomali kwa miaka. Mabingwa wapo, ila pengine hawana karatasi. Mimi mwenyewe nina diploma, na nimeona watangazaji hodari wakiwekwa kando kwa kukosa shahada, huku mwenye shahada akisoma tangazo la dharura kwa lugha asiyoielewa.

Kwa hiyo vyuo viweke masharti matatu ya kuhitimu. Kwanza, somo la lazima la utangazaji kwa Kiswahili na lugha moja ya wenyeji. Pili, mafunzo kazini yafanyike katika redio ya jamii au ofisi ya kaunti inayoshughulikia maafa. Tatu, watangazaji wazoefu waruhusiwe kufundisha vitendo, na wenye diploma wahesabiwe walichokwisha kusoma.

Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa. Kikafunguliwa tena Januari 2016 na kupata hati yake 2017. Eneo lililolipia elimu kwa damu namna hiyo lina haki ya wasomi wanaosikika hadi ukingoni mwa mto. Nasi tulioko chini ya mto tusilione kuwa jambo la wengine. Maji yale yale yatafika kwetu.