Jino la Mtoto Likimegeka, Koleo Lisubiri

Kengele ya mapumziko ikilia, watoto hukimbilia bomba la maji. Mmoja ameinama kunywa, wa nyuma yake anasukumwa, na yule aliyeinama anagonga mdomo kwenye chuma. Damu ni kidogo, kilio ni kikubwa, na jino la mbele la juu limebaki nusu. Mwalimu wa zamu anamsukutua kwa maji na kumpa ruhusa ya kurudi nyumbani. Jioni mama anatazama, anauliza kama jino linauma, anajibiwa halimuumi, na habari inaishia hapo. “Litang'oka tu, ataota lingine.”

Mara nyingi hilo lingine ndilo hilo hilo lililovunjika.

Mtoto ana meno 20 ya utoto. Yale ya mbele juu hung'oka akiwa na umri wa miaka sita au saba, na ya kudumu huchomoza akiwa na miaka saba au minane, yaani akiwa madarasa ya mwanzo kabisa. Kwa hiyo meno ya kudumu huingia katika kinywa chenye mapengo na meno yanayotikisika, wakati mwenye kinywa yuko katika umri wa kukimbizana, kupanda miembe na kujifunza baiskeli ya kaka yake. Mzazi asiyetazama kwa makini hajui lipi ni lipi. Dalili zipo: jino la kudumu ni pana zaidi, lina umanjano kidogo ukililinganisha na weupe wa jino la utoto, na likiwa jipya ncha yake ina mikato midogo kama ya msumeno. Likipotea hilo, nyuma yake hakuna jino linalosubiri zamu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni moja wamewahi kupata ajali ya meno, na kwamba kati ya watoto wenye umri wa hadi miaka 12, takribani asilimia 20 wamepatwa. Dar es Salaam nayo ilichunguzwa zamani. Mwaka 2001 jarida la Dental Traumatology lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa chekechea na wa shule za msingi jijini humo, na jambo lililotafutwa vinywani mwao lilikuwa meno yaliyoumia yakaachwa bila tiba. Kwamba kulikuwa na haja ya kuyahesabu ni habari tosha.

Kwa nini yanaachwa? Umaskini una sehemu yake, lakini hausemi yote. Wapo wanaopata fedha za nguo mbili za sikukuu wasipate za daktari wa meno. Sababu kubwa ni kwamba kwa wazazi wengi daktari wa meno ni mtu wa koleo. Fikra hiyo haikutoka hewani: kwa miaka mingi, katika vituo vingi vya umma, aliyekwenda na jino bovu alirudi na pengo. Mzazi aliyekua akiona hivyo anapiga hesabu rahisi. Kama mwisho ni kung'olewa, ya nini kumpeleka mtoto ambaye haumwi?

Hesabu hiyo imepitwa na wakati, tena si jana. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alichapisha ugunduzi wake baada ya kuangalia jinsi viwanda vilivyotumia asidi ya fosfori kwenye chuma ili rangi ishike vizuri. Alijiuliza kama gamba gumu la nje la jino, yaani enameli, lingekubali mbinu hiyo, na likakubali. Asidi huchimba vishimo visivyoonekana kwa macho, na dawa ya kuzibia ikapata mahali pa kung'ang'ania. Ndiyo maana leo jino lililomegeka linaweza kujengwa kwa dawa nyeupe ya resini, kwa kikao kimoja, bila kukatwa kiasi kikubwa cha jino zima na bila kuvishwa kofia ya chuma.

Kuna habari njema zaidi, nayo inahusu kiini. Chini ya enameli kuna dentini, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na neva. Jino likimegeka hadi kiini kikaonekana kama doa jekundu, wengi hudhani limekufa. Mwaka 1978 daktari Miomir Cvek wa Sweden alieleza matibabu ya meno 60 ya namna hiyo: aliondoa tabaka jembamba la juu la kiini, akafunika kilichobaki kwa dawa ya kalisi haidroksaidi, na asilimia 96 ya meno hayo yakapona. Baadhi yalitibiwa siku nyingi baada ya ajali. Kwa mtoto wa miaka minane jambo hili ni kubwa, kwa sababu mzizi wa jino lake bado unajengwa. Huchukua kama miaka mitatu tangu jino lichomoze hadi mzizi ukamilike, na fundi wa ujenzi huo ni kiini. Kikifa mapema, kuta za mzizi hubaki nyembamba na jino huweza kuvunjika baadaye hata kwa pigo dogo.

Anayeng'oa jino la namna hiyo kwa kuwa “limeshaharibika” anamwachia mtoto deni. Mfupa wa taya hupungua mahali palipo wazi, meno ya jirani husogea, na jino la kupandikizwa kwenye mfupa haliwezi kuwekwa mpaka taya limalize kukua. Kwa mtoto wa miaka minane hiyo ni zaidi ya miaka kumi ya jino bandia la kuvaa na kuvua, linalobadilishwa kadiri anavyokua. Bei ya kung'oa ni ndogo siku ya kwanza tu.

Sasa kipande chenyewe. Hiki ndicho watu hukitupa bila kufikiri, au mtoto hukirusha juu ya bati kama alivyofanya na meno yake ya utoto. Kitafutwe. Kikipatikana, kiwekwe kwenye kikombe cha maji safi au maziwa kisikauke, kipelekwe pamoja na mtoto, maana daktari anaweza kukigandisha mahali pake. Hata kikikauka kisitupwe: mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa ajali za meno unaelekeza kiloweshwe kwa dakika 20 kabla ya kugandishwa. Kwa watoto wa Arusha na Meru, ambako floraidi nyingi kwenye maji imewapa wengi meno ya kahawia, kipande hicho ni mali ya pekee. Hakuna rangi ya dawa dukani itakayofanana na jino lao kuliko jino lao wenyewe. Na kama hakionekani popote huku mdomo ukiwa umechanika na kuvimba, daktari aambiwe, kwani kipande huweza kuzama ndani ya mdomo na kushonewa humo humo.

Nyumbani mambo ya kufanya ni machache: maji ya kusukutua, kitambaa chenye barafu juu ya mdomo uliovimba, dawa ya maumivu ya kumeza kwa kipimo cha mtoto. Aspirini isipachikwe kwenye ufizi, inaunguza. Gundi ya dukani isikaribie kinywa. Mafuta ya karafuu, ambayo bibi wengi wa pwani wanayaamini kwa haki kabisa, yana ujanja wake: eujenoli iliyomo hutuliza jino, lakini ikibaki juu yake huweza kuizuia resini isigande sawasawa. Aliyeyapaka amwambie daktari. Na mtoto aliyepoteza fahamu, anayetapika au kusinzia ovyo baada ya kuanguka apelekwe hospitali kwanza, jino litangoja.

Jino la kudumu likitoka zima na mzizi wake, kanuni hubadilika. Hapo ni mbio za dakika. Lishikwe sehemu inayoonekana mdomoni, si mzizi, lisuuzwe kidogo kwa maziwa, lirudishwe kwenye tundu lake, na mtoto aume leso njiani. Ikishindikana, liwekwe ndani ya maziwa na afike kwa daktari ndani ya saa moja. Maji yanayofaa kwa kipande hayafai kwa jino zima, kwa sababu huua seli zilizoshika mzizi. Jino la utoto halirudishwi kamwe, lisije likaumiza la kudumu lililo chini yake.

Mambo haya yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Kamati za shule zinazojadili michango ya uji na madawati zinaweza kuubandika ukurasa huo ukutani mwa ofisi ya walimu, na kuweka kichupa safi chenye kifuniko kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Maziwa ya pakiti yapo duka la jirani. Foleni ya bombani ikisimamiwa, ajali nyingine hazitatokea kabisa.

Wanabaki wale waliomegeka meno mwaka jana au juzi, maumivu yakapoa, familia ikasahau. Kiini huweza kufa kimyakimya, na ishara zikaja baada ya miezi au miaka: jino linageuka kijivu, au kijipu kinatokeza kwenye ufizi juu yake. Mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi amwite leo karibu na dirisha, amwambie afungue mdomo, alinganishe meno mawili ya mbele ya juu. Moja likiwa fupi au jeusi kuliko mwenzake, Jumatatu aende naye kwa daktari wa meno kabla ya shule.