Nikahi bila karatasi ni dhulma kwa mke na watoto



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, leo sitazungumzia fadhila za ndoa. Hizo mmezisikia kwenye kila khutba ya nikahi, na baada ya khutba mkala pilau mkaondoka. Leo nazungumzia kinachobaki pilau ikisha: mke aliyetoka Uvira, Bukavu au Kigoma, amekaa Bwiza miaka kumi kwa nikahi sahihi, ana watoto, na hana karatasi hata moja inayosema kuwa yeye ni mke wa mtu. Akienda kuomba uraia kwa ajili ya ndoa yake anaulizwa cheti cha ndoa. Anajibu kwamba aliozeshwa na sheikh fulani na mashahidi wapo hai. Anarudishwa nyumbani.

Nasema wazi: mama huyu amedhulumiwa, na aliyemdhulumu si karani wa komine. Ni mume wake, ni walii wake, na ni wazee wote waliokaa kwenye mkeka siku ile wakashuhudia bila kuuliza neno.

SHERIA INASEMAJE

Kanuni ya watu na familia ya Burundi, iliyotolewa tarehe 28 Aprili 1993, inatambua ndoa moja tu: ile inayofungwa mbele ya afisa wa serikali anayeandika vizazi, ndoa na vifo. Ndoa ya msikitini, ya kanisani au ya kimila, ikisimama peke yake, haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Kanuni hiyo iliweka umri wa miaka 21 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke, na ikakataza kuoa mke zaidi ya mmoja.

Kisha ikaja sheria ya uraia ya tarehe 18 Julai 2000. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mrundi, sheria hiyo ilimfungulia mlango wa uraia kwa njia ya ndoa yake. Lakini ndoa inayohesabiwa hapo ni ile iliyoandikwa komine. Asiyekuwa na cheti hicho ni mgeni tu anayeishi kwenye nyumba ya mwanamume fulani. Neno hilo ni chungu, lakini ndivyo faili linavyomsoma.

Wakwe zetu wa Tanzania ndio wanaodanganyika zaidi hapa, na si kwa ujinga wao. Kwao, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na sheikh mwenye leseni ya kusajili ndoa huwapa maharusi cheti kinachokubalika serikalini. Kenya nayo inaitambua ndoa ya Kiislamu katika sheria yake ya ndoa ya mwaka 2014. Kwa hiyo baba wa Kigoma akimwozesha binti yake hapa Bwiza, akaona sheikh anaandika majina kwenye daftari, anaondoka akiamini kwamba mwanawe ameandikwa. Hajaandikwa. Na watu wa upande wa bwana harusi wanalijua hilo na wananyamaza.

KARATASI ZENYEWE

Orodha ya mwisho wanayo wenyewe maofisini, na kila mtu akaulize kabla ya kutoa faranga yake. Lakini zinazozoeleka kudaiwa tunazijua: cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, karangamuntu ya mume, hati kutoka kwao mke kuwa hajaolewa na mtu mwingine, cheti cha ndoa cha komine, hati ya makazi, hati ya polisi au mahakama kuwa mtu hana kosa la jinai, na picha. Karatasi isiyo ya Kifaransa huenda ikahitaji kutafsiriwa na mtafsiri anayekubalika.

Tazameni sasa. Hati ya kuwa hajaolewa inapatikana kwa urahisi kabla ya harusi, mjomba angali Uvira na shefu wa mtaa wao anamjua binti. Baada ya miaka kumi mjomba amekufa, shefu amebadilishwa, na binti ana watoto wanne. Nani ataandika kuwa hajaolewa? Faili la uraia halianzi siku ya kuomba uraia. Linaanza siku ya posa.

Jambo la pili ni majina. Upande wa Kongo ataandikwa Ramazani, Tanzania Ramadhani, na hapa karani ataandika anavyosikia. Hadija wa cheti cha kuzaliwa anakuwa Khadidja kwenye pasipoti. Mtanzania ana majina matatu, lake, la baba na la babu. Kwetu mtoto anaweza kuwa na jina lisilofanana kabisa na la baba yake. Herufi moja inatosha kulirudisha faili.

Wako wanaosema huku ni kusumbuana kwa mambo madogo. Wasome habari ya Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria. Suhayl bin Amr, aliyetumwa na Makuraishi, alikataa mkataba uandikwe kwa jina la Muhammad Mtume wa Allah. Bwana Mtume (s.a.w.) hakuvunja kikao. Alikubali liandikwe jina la Muhammad mwana wa Abdullah, kwa sababu hati inatakiwa kukubalika na pande zote mbili. Ikiwa yeye, na cheo chake, alikubali hivyo kwa ajili ya amani ya watu wake, wewe unaona uzito gani kwenda kusahihisha herufi kwa ajili ya mkeo?

WANAVYOJITETEA

Wa kwanza anasema: "Nikahi imetimia mbele ya Allah, karatasi ya serikali ya nini?" Ndugu yangu, hakuna aliyesema nikahi yako ni batili. Walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametajwa, mke ni halali yako. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandikiana deni, na mwandishi, na mashahidi, na kutochoka kuandika liwe dogo au kubwa. Wewe ukimkopesha jirani gunia la mchele pale sokoni Jabe unaandika kwenye daftari na unamtaka aweke sahihi. Binti wa watu, na nasaba ya watoto wako, havikufikia thamani ya gunia?

Wa pili anasema: "Tutazitafuta baadaye." Baadaye ni lini? Mwaka 2017, Rais Pierre Nkurunziza alipoamuru wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria wafunge ndoa kabla ya mwisho wa mwaka huo, watu walikimbilia komine. Kwa amri ya Rais miguu ilikuwa myepesi. Kwa haki ya mke miguu imekuwa mizito. Hilo mtu alijibu mwenyewe kwenye nafsi yake.

Wa tatu ndiye hatari zaidi. Anasema: "Kuna mtu anatengeneza, unalipa tu." Maana yake ni kumnunulia mke cheti kinachosema amezaliwa Burundi wakati amezaliwa Bukavu, na kutafuta mashahidi wawili wa kuapa. Ushahidi wa uongo Bwana Mtume (s.a.w.) aliuhesabu pamoja na madhambi makubwa kabisa, na akarudia kuutaja mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Hata kwa hesabu ya dunia, uraia uliojengwa juu ya cheti cha uongo ni nyumba juu ya mchanga. Siku moja polisi wanapita nyumba kwa nyumba wakikagua kaye ya nyumba, na cheti kile kile ulichonunua ndicho kitakachokushitaki.

MKE WA PILI

Hapa najua wengi watakunja uso. Sheria ya nchi haiandiki mke wa pili. Kwa hiyo mwanamume mwenye mke aliyeandikwa komine, akaenda kuoa mwingine ng'ambo ya mpaka na kumleta Bwiza, anamleta mahali ambapo mlango wa uraia kwa ndoa umefungwa kwake toka siku ya kwanza. Je, alimwambia? Alimwambia walii wake? Masharti yenye haki zaidi ya kutimizwa ni yale ya ndoa, hayo tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.). Kumficha mwanamke hali atakayoishi nayo maisha yake yote ni ghushi, na mwenye kughushi tunajua hukumu yake.

Na watoto wa mama huyo wasiachwe hewani. Baba Mrundi aende akawatambue mbele ya afisa, waandikwe kwa jina lake wakiwa wadogo. Suratul Ahzab, aya ya 5, inatutaka tuwaite watoto kwa baba zao. Mtoto ambaye baba yake anamwita mwanangu nyumbani na kumkana kwa kunyamaza komine, huyo hajaitwa kwa baba yake.

Tena mwelezeni mke Mkongomani jambo hili: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo hauchanganyiki na mwingine. Akichukua wa Burundi, ajue anachoacha nyuma. Ni haki yake kuamua akiwa na habari kamili, si baada ya kuweka sahihi.

NA MABINTI ZETU JE?

Mpaka hapa nimewalaumu watu wetu. Sasa neno kwa watunga sheria, na kwa masheikh wanaowaunga mkono.

Binti wa Bwiza akiolewa na kijana wa Kitanzania au wa Kikongomani, sheria ya mwaka 2000 haikumpa mume huyo mlango aliopewa mke wa kigeni. Ilimwacha aombe kama mgeni mwingine, mpaka ipatikane amri ya Rais. Na watoto wa binti huyo, ikiwa baba yao mgeni anajulikana, sheria hiyo haikuwahesabu kuwa Warundi kwa kuzaliwa. Wamezaliwa hapa, wanasema Kirundi na Kiswahili, bibi yao kazikwa hapa, lakini ni wageni. Ilhali Katiba ya mwaka 2005, ibara ya 12, iliwapa watoto wa baba Mrundi na watoto wa mama Mrundi haki sawa mbele ya sheria ya uraia, na Katiba ya mwaka 2018 ikalishika neno hilo hilo. Burundi pia iliridhia mwaka 1992 mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Kenya iliandika katika Katiba yake ya mwaka 2010 kwamba uraia hutoka kwa baba au kwa mama, na kwamba mume au mke wa raia anaweza kuomba baada ya miaka saba ya ndoa. Kumbe inawezekana.

Baadhi ya masheikh wanasema sheria hiyo inaafikiana na dini, kwa kuwa nasaba ni ya baba. Wanachanganya mambo mawili. Nasaba ni ya baba, hakuna anayeigusa. Mtoto atabaki bin fulani hata akiwa na pasipoti ya nchi gani. Uraia ni haki ya kukaa, kusoma na kulindwa mahali. Na katika jambo la kuhesabiwa na watu, Bwana Mtume (s.a.w.) alipowakusanya Ansari na kuuliza kama kuna asiyekuwa miongoni mwao, wakamjibu hakuna ila mtoto wa dada yetu. Akawaambia mtoto wa dada wa watu ni miongoni mwao. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi mtoto wa dada yetu wa Bwiza ni wa nani?

TUSISUBIRI KIZAZI CHA TATU

Anayedhani mambo haya hujitengeneza yenyewe awatazame ndugu zetu wenye asili ya Oman hapa Burundi. Katika miaka ya 2010, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilihesabu watu 974 waliokuwa katika hatari ya kukosa uraia wowote. Walikuwa wameishi hapa miongo mingi, wakisubiri Oman ithibitishe kuwa ni watu wake. Wengi wao serikali ya Burundi iliwapa nafasi ya kuwa Warundi wakakataa. Sababu za kila mmoja anazijua mwenyewe, lakini somo ni letu sote: mtu anaweza kuwa na jina, ukoo, duka na msikiti, na bado asiwe na nchi.

Ninachotaka ni mambo matatu. Kwanza, imamu asifungishe nikahi ya mtu yeyote, na hasa yenye mgeni ndani yake, mpaka aone cheti cha komine au tarehe iliyopangwa komine. Pili, walii aliweke sharti hilo siku ya posa, pamoja na mahari, na gharama za karatasi zitoke kwenye fedha za karamu. Ng'ombe mmoja akipungua hakuna harusi itakayovunjika. Tatu, kila msikiti uwe na mtu mmoja anayejua Kifaransa na njia za maofisini, wa kuwasaidia akina mama bure, kwa ajili ya Allah.

Nyinyi akina baba wenye wake wasioandikwa, msiniletee maneno. Jumatatu komine inafunguliwa. Mchukueni mama watoto, nendeni.

Allah (s.w.t.) atuwezeshe kutimiza amana zetu kabla hatujaulizwa nazo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.