TUPIME KWANZA, TUNUNUE BAADAYE

Wenye viwanda, mahoteli na majumba ya biashara hunung'unika kila hesabu ya umeme ifikapo. Wengi wao, wakishauriwa kupunguza gharama hiyo, hukimbilia kununua mitambo mipya. Sisi twaona kwamba huko ni kuanza kazi mwishoni.

Natutazame jengo la Empire State la New York, lililofunguliwa mwaka 1931, lenye ghorofa 102. Mwezi wa Aprili 2009 wenyewe walitangaza mpango wa kupunguza matumizi yake ya nguvu kwa asilimia 38. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamelipima jengo zima, wakachambua mashauri zaidi ya 60, mwishowe wakabakiza manane.

Msomaji na auangalie utaratibu wao. Madirisha, yapata 6,500, hayakutupwa. Karakana iliwekwa humo humo jengoni, vioo vikatolewa, vikatiwa utando mwembamba wa kuzuia joto, vikarudishwa. Kwa hiyo na kwa hatua nyingine, kazi ya kupoza hewa ilipungua kwa theluthi moja hivi. Basi mitambo ya zamani ikatengenezwa, wala haikununuliwa mingine mikubwa zaidi. Gharama iliyoongezeka ilikadiriwa kuwa dola milioni 13, na akiba dola milioni 4.4 kwa mwaka: deni la miaka mitatu tu. Lau wangalianza na mitambo, wangalilipa fedha nyingi kupoza joto ambalo dirisha laweza kulizuia.

Watakuwapo watakaosema kwamba New York ni mbali. Ni mbali kweli, lakini bati tupu la kiwanda cha Mombasa au Dar es Salaam laingiza joto vile vile, na bomba la hewa livujalo lala umeme usiku kucha. Kenya ililiona jambo hili: kanuni zake za mwaka 2012 ziliwaagiza watumiaji wakubwa wa umeme wakaguliwe kila miaka mitatu. Lakini ukaguzi uliofungiwa kabatini hauzimi hata taa moja.

Liko na tatizo jingine. Mwenye jengo ndiye alipaye matengenezo, na mpangaji ndiye alipaye umeme. Basi kila mmoja humngoja mwenziwe, na hasara humwangukia mnunuzi katika bei ya bidhaa. Hawana budi kuandikiana mapema jinsi watakavyogawana gharama na akiba.

Wazee walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Twawasihi wenye majumba waanze na daftari. Duka halitahama.