Daftari la mfanyabiashara nalo ni historia

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Mabishano ya wakubwa kuhusu ndege, reli na madeni yameandikwa sana. Lakini mama aliyekuwa akiuza vitunguu Namanga, mzigo wake aliupeleka wapi? Nani alibaki na deni lake ng'ambo? Hayo utawauliza wazee, na wazee wanatutoka.

Uingereza waliliona pengo hili mapema. Mwaka 1937 kikundi kilichoitwa Mass-Observation kiliwaomba watu wa kawaida waandike siku yao ya Mei 12, siku ya kutawazwa Mfalme George VI. Hawakuombwa kumsifu mfalme. Waliandika waliyoyaona, waliyoyasikia na walivyojisikia. Vita vilipokuja, mamia waliandika shajara: foleni za mgawo wa chakula, hofu ya mabomu, hata ugomvi wa jikoni. Karatasi hizo zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Sussex, na tangu 1981 wengine wanaendelea kuandika. Anayetaka kujua mgawo ule uliwauma vipi watu hasomi sheria peke yake, anamsoma mama wa nyumbani.

Sisi madaftari tunayo tayari. Wengi wanaovuka Busia, Mutukula au Rusumo wana lao: bei, mkopo, nauli ya bodaboda. Kinachokosekana ni mistari miwili pembeni. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022. Takwimu za forodha zitaonyesha biashara ilivyoshuka. Hazitasema nani aliuza mbuzi ili alipe karo.

Najua mtanijibu: daftari lina siri. Nani anataka afisa asome habari za njia za panya, au mume aione akiba ya kikoba? Ni hoja nzito, tena kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Waandishi wale wa Uingereza walitambulishwa kwa namba, si kwa majina. Nasi tufanye hivyo, na madaftari yakae chuoni au makumbusho, kamwe yasikae mamlaka ya mapato.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vianze na siku moja tu, tuseme siku ya gulio lijalo, pande zote mbili za mpaka. Kwa Kiswahili, Kiganda, Kinyarwanda, lugha yoyote. Anayejua kuandika amwandikie asiyejua.