Siku ya Mtoto, Si ya Simu Yako

Likizo ya Agosti ndiyo hii, na wewe mzazi kijana (ama anti, ama anko wa kujitolea) ushaahidi watoi kuwapeleka Two Rivers kupanda lile gurudumu kubwa. Poa. Lakini kabla hamjapanda matatu ya kuelekea Limuru Road, mpime mtoto urefu. Bembea nyingi za mashine zina kipimo pale mlangoni, na hakuna kitu humuuma mtoto wa miaka minne kama kupanga foleni weee, halafu aambiwe yeye ni mfupi.

Nendeni siku ya kazi, asubuhi. Beba maji na nguo za kubadilisha. Choo mkitafute kwanza. Pesa nazo zigawe mkiwa nyumbani: michezo mitatu, achague mwenyewe.

Sasa kuna hili linaloniudhi. Watu wanampandisha mtoto akilia, kisa video ya TikTok. Akisema anaogopa, mshushe, hata kama tiketi ushalipia. Ukimlazimisha leo, siku ya kumfunza kuogelea atakuaminije? Na akitaka kushinda kwa farasi wa kuzunguka mpaka jioni, mwache azunguke.